Virusi havionekani, lakini protini zao bado zinatoka

Nianze na jambo ambalo wengi wakilisikia wanakataa kabla hata hujamaliza sentensi: kidonge cha VVU kiitwacho TLD, hicho hicho kimoja cha kila siku ambacho mamilioni ya watu Tanzania, Kenya na Uganda wanakimeza, hakiizuii seli iliyokwisha vamiwa isitengeneze protini za virusi. Hakiizuii kabisa. Chukua seli ya kinga iitwayo CD4 ambayo VVU vimeshajichomeka kwenye DNA yake, iwekee tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri kwa dozi ya kawaida, itaendelea kutoa protini za virusi kama vile hamna kilichotokea. Na mtu mwenye seli hiyo kopi zake za virusi kwa kila mililita ya damu zinashuka chini ya 50, CD4 zinapanda, mwenza wake haambukizwi kwa tendo la ndoa, anaishi anaona wajukuu. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na mi naona vurugu nyingi za maswali ya kliniki zinaanzia hapo hapo, kwamba watu wameambiwa la pili na la kwanza hawajawahi kuambiwa.

Maana picha iliyoko vichwani mwa watu ni kwamba dawa inaingia kwenye damu, inawinda kirusi kimoja kimoja na kukiua, ikimaliza basi umepona. Kwa hiyo mtu akiambiwa virusi havionekani anaelewa vimeisha, halafu anakwenda kupima kile kipimo cha haraka cha kidole kinasoma positive, anaona kadanganywa na mmoja kati ya hao wawili, na mara nyingi anaamua aliyemdanganya ni yule wa dawa. Hakuna aliyemdanganya. Ni kwamba vipimo viwili vinauliza maswali mawili tofauti, na dawa inafanya kazi sehemu moja tu ya safari ndefu.

Tuitazame hiyo safari kwenye seli moja, polepole. VVU vinakuja na maandishi yao kwenye RNA, herufi kama 9,700 tu, jeni tisa, kitu kidogo sana ukilinganisha na herufi bilioni tatu za binadamu. Vikishaingia ndani ya seli, RNA inageuzwa kuwa DNA, hiyo DNA inapelekwa kwenye kiini cha seli, na kimeng'enya kinachoitwa integrezi kinaichomeka katikati ya DNA ya mwenye nyumba. Kuanzia hapo mambo yanabadilika kabisa, kwa sababu kirusi hakina chombo chake chochote cha kutengenezea protini, kinatumia vya seli. Seli inasoma maandishi ya kirusi kwa vifaa vile vile inavyosomea jeni zake, inatoa RNA, ribosomu, zile mashine za seli za kutengenezea protini, zinaisoma RNA, protini inatoka. Seli haijui kwamba hiyo sio oda yake.

Zinazotangulia ni protini ndogo ndogo: Tat, Rev na Nef. Tat inarudi kwenye kiini kuongeza spidi ya kusomwa kwa maandishi ya kirusi, yaani protini ya kwanza kutoka kazi yake ni kuhakikisha zinatoka nyingine nyingi. Rev inazitoa nje ya kiini zile RNA ndefu ambazo kwa kawaida seli isingeziruhusu zitoke bila kukatwa. Nef inaondoa alama kwenye ngozi ya seli ili askari wa kinga wasigundue kuna mgeni ndani. Halafu ndo zinafuata zile kubwa, Gag, Gag-Pol na Env, ambazo zinajenga kirusi chenyewe.

Hapa kwenye Gag pana kitu kizuri sana. Gag inatoka kwenye ribosomu ikiwa ndefu moja iliyoungana, kama doti ya khanga inavyotoka dukani, vipande viwili kwenye kitambaa kimoja, hujifungi wala hujitandi mpaka mtu ashike mkasi akate katikati na kupinda. Mkasi wa VVU unaitwa protiazi, na kazi yake ni kuikata Gag kuwa vipande vyenye kazi: kimoja kinabaki chini ya utando wa nje, kingine ndo ile p24 inayojenga ganda la ndani, kingine kinashika RNA. Kirusi kimoja kinabeba Gag zaidi ya elfu moja. Na mkasi wenyewe unatoka wapi? Ribosomu ikiwa inaisoma RNA ya Gag, kama mara moja katika kila ishirini inateleza herufi moja nyuma, ikiteleza hivyo inaendelea kusoma mbele badala ya kusimama, inatoa Gag-Pol, na ndani ya hiyo Pol ndo kuna protiazi, integrezi na kile kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA. Kirusi kinaishi kwa kutegemea kosa la ribosomu linalotokea kwa hesabu ile ile siku zote. Mi kila nikifika hapa naona ajabu upya.

Sasa dawa ziko wapi kwenye hiyo safari? AZT, ya kwanza kabisa, iliyoidhinishwa Marekani Machi 1987, inasimama mwanzoni kabisa pale RNA inapogeuzwa DNA, inajifanya herufi halali, ikiingia kwenye mnyororo mnyororo unakatika. Tenofoviri na lamivudini ziko hapo hapo. Efavirenzi, ile ya kwenye TLE, kidonge cha zamani kabla ya TLD, iliyokuwa inawaotesha watu ndoto za ajabu usiku, nayo inakaa hapo ila inakikaba kimeng'enya kwa upande mwingine. Dolutegraviri, iliyoidhinishwa 2013, inasubiri hatua inayofuata, inaizuia integrezi isichomeke. Ukiziangalia hizi zote zinakaa kabla maandishi ya kirusi hayajaingia kwenye DNA ya seli. Zinailinda seli ambayo haijaingiliwa. Ile ambayo imeshaingiliwa haziihusu, zimefika zimechelewa.

Halafu kuna kundi la dawa za kufunga protiazi, sakwinaviri ya Desemba 1995, ritonaviri na indinaviri za Machi 1996, na hizi za leo za daraja la pili, atazanaviri na lopinaviri zinazopewa pamoja na ritonaviri kidogo. Hizi zenyewe zinasimama mwishoni kabisa. Protini zimeshatengenezwa, zimeshakusanyika chini ya ngozi ya seli, kirusi kinatoka nje kabisa, ila mkasi umefungwa, Gag haijakatwa, kinachotoka ni kitu chenye umbo la kirusi kisichoweza kuambukiza seli yoyote. Yaani chini ya dawa hizi seli haipunguzi kazi hata kidogo, inatoa mali mbovu. Na protini ya nje, Env, hata haiguswi, kwa sababu ile haikatwi na protiazi ya kirusi, inakatwa na kimeng'enya cha seli yenyewe kinachoitwa furini.

Katikati, kati ya kuchomekwa DNA na kukatwa Gag, hapo ambapo protini zinatengenezwa hasa, hamna dawa hata moja ya VVU iliyoidhinishwa kuzizuia. Miaka karibu arobaini tangu AZT, dawa zaidi ya thelathini, na lile eneo lote la kati liko wazi. Kwa nini? Kwa sababu vifaa vinavyofanya kazi hapo ni vya kwetu. Ukiifunga ribosomu umeifunga ya mgonjwa. Sababu hiyo ni ya haki kabisa, siwalaumu watengeneza dawa, ila ina gharama yake na gharama hiyo tumeizoea kiasi hatuioni tena.

Mtu atauliza, sasa kama dawa haizuii protini, kopi zinashukaje? Hili lilijibiwa vizuri mwaka 1996 na Alan Perelson, mtu wa hesabu pale Los Alamos, pamoja na David Ho na wenzao. Waliwapa wagonjwa watano ritonaviri wakawatoa damu mara nyingi mfululizo, na mwanzoni kabisa, siku nzima na ushee, wingi wa virusi haukushuka, maana seli ziliendelea kutoa virusi vile vile ila vibovu na RNA bado inahesabika kwenye kipimo. Baada ya hapo ndo ikaporomoka. Hesabu zao zikaonyesha kirusi kwenye damu hakimalizi hata siku, seli inayozalisha virusi kwa nguvu inaishi kama siku mbili tu, na mwili wa mgonjwa asiyetumia dawa unatoa virusi kama bilioni kumi kila siku. Kwa hiyo kilichoshusha kopi ni kifo cha hizo seli zenyewe, zimechoka, zimeuliwa na kinga, na dawa kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna seli mpya inayochukua nafasi yao. Dawa haikuua hata seli moja iliyoambukizwa. Ndo uzuri wa ARV na ndo mpaka wake.

Sasa zipo seli ambazo hazifi kwa siku mbili. Seli za kumbukumbu za CD4 zinaweza kulala miaka, na zikilala na maandishi ya VVU ndani zinalala nayo. Kundi la Robert Siliciano kule Johns Hopkins lilipima kasi ya kupungua kwa hiyo akiba ya seli zilizolala na kirusi kwa watu walio kwenye dawa na kukuta inachukua kama miezi 44 kufika nusu, ukipiga hesabu ya mpaka iishe unapata zaidi ya miaka sitini. Mtu akiacha dawa, mara nyingi ndani ya wiki mbili tatu virusi vimerudi. Haya watu wengi wanayajua, hata WAVIU washauri, yaani wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, kwenye vituo wanayaeleza vizuri.

Kisichoelezwa ni hiki. Kwenye hiyo akiba, sehemu kubwa sana ya maandishi ya kirusi, zaidi ya asilimia 90 kwenye tafiti nyingi, ni mabovu: yamekatika, yamepoteza jeni kadhaa, yameharibiwa na kinga ya seli yenyewe. Kwa miaka mingi yaliitwa makaburi na wanasayansi wakayapuuza, kwa hoja kwamba hayawezi kutoa kirusi kinachoambukiza kwa hiyo hayana madhara. Halafu 2016, na tena 2020, Hiromi Imamichi na wenzake wa NIH, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya kule Marekani, wakaonyesha kwamba hayo mabovu bado yanasomwa, yanatoa RNA, na yanatoa protini, Gag na Nef zikiwemo, kwa wagonjwa walio kwenye dawa. Kirusi kamili hakitoki lakini protini inatoka, na kinga inaiona. TLD haiwezi kuligusa hili hata kwa nadharia, kwa sababu hapo hakuna maambukizi ya kuzuia, hakuna cha kugeuza wala cha kuchomeka, kuna seli inasoma maandishi mabovu na kutoa ilichoweza.

Kwa hiyo turudi kwa yule wa kipimo cha kidole. Kipimo cha haraka kinatafuta antibodi, majibu ya mwili kwa protini za kirusi. Kinga ina kumbukumbu ndefu peke yake, na juu ya hapo kuna protini kidogo kidogo zinaendelea kuichokonoa. Ni kawaida kabisa kisome positive miaka ishirini. Ushahidi wa upande wa pili ni watoto walioanzishiwa ARV mapema sana baada ya kuzaliwa, kuna wanaokua kipimo cha antibodi kinasoma negative na virusi wanavyo, kwa sababu kinga yao haikupata nafasi ya kuona protini za kutosha. Nimesikia wahubiri wakilitumia tukio la aina hiyo kama ushuhuda wa uponyaji. Mzazi akisikia hivyo akaacha kumpa mtoto dawa, tunajua kitakachofuata.

Hapa nataka niseme kitu kwa sauti kubwa kabla mtu hajachukua nusu ya makala hii akaisambaza: kwamba dawa haizuii protini kwenye seli za zamani sio sababu ya kuiacha, ni sababu ya kuishika zaidi. Jaribio la SMART, watu 5,472, lilisimamishwa mapema Januari 2006 kwa sababu waliokuwa wanaambiwa wapumzike dawa CD4 zikiwa nzuri walikufa zaidi, na walipata matatizo ya moyo, figo na ini zaidi ya walioendelea kumeza. Bila dawa protini zinatoka kwenye seli nyingi zaidi mno, na zinatoka pamoja na virusi vizima.

Ila hata ukiwa kwenye dawa, mwili haupoi kabisa. Watu wanaoishi na VVU wana hatari ya ugonjwa wa moyo inayokaribia mara mbili ya wenzao, na sehemu ya sababu ni kinga inayobaki imewaka chini chini mwaka hadi mwaka. Siwezi kusema yote yanatokana na protini za maandishi mabovu, kuna utumbo uliojeruhiwa siku za mwanzo za maambukizi, kuna virusi vingine mwilini, kuna sigara, kuna umri. Lakini protini hizo ni mojawapo ya washukiwa wakubwa na ni mshukiwa ambaye dawa tulizonazo hazina namna ya kumfikia. Jaribio la REPRIEVE, lililotoka 2023, watu 7,769 kwenye nchi kadhaa Uganda ikiwemo, lilikuta kidonge cha lehemu, pitavastatini, kinapunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35 kwa watu wa miaka 40 hadi 75 wenye VVU ambao hesabu za kawaida zilikuwa zinasema hawako hatarini sana. Yaani faida ilipatikana kwa kutibu moshi, maana moto wenyewe hatuna cha kuuzimia.

Nihamie kwenye homa ya ini B kwa sababu huko hali iko wazi zaidi, na kusema ukweli huko ndo watu wanateseka na mkanganyiko kuliko hata kwenye VVU. Mtu anaanzishiwa tenofoviri, dawa ile ile, anameza miaka mitano, vipimo vya ini vimetulia, DNA ya virusi haionekani, halafu HBsAg, kipimo cha protini ya ngozi ya kirusi hicho, inasoma positive kila mwaka. Anakata tamaa, anahamia kwenye majani na mizizi. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 254 wenye homa ya ini B sugu kwa mwaka 2022, kwa hiyo hatuzungumzii wachache.

Sababu ni ile ile, kwa ukali zaidi. Kirusi hiki kinaacha ndani ya kiini cha seli ya ini kipande cha DNA cha duara, kigumu, kinachokaa miaka. Kutoka hapo seli inatoa RNA, na RNA inatoa protini. Sasa tenofoviri inazuia hatua ya kugeuza RNA kuwa DNA, ila kwenye homa ya ini B hatua hiyo inakuja mwishoni, baada ya protini kutengenezwa. Kwa hiyo dawa inazuia virusi vipya visikamilike, lakini HBsAg inatoka kama kawaida, na inatoka kwa wingi wa kushangaza, mapovu matupu ya protini yanayoweza kuzidi virusi halisi mara elfu moja mpaka laki moja. Zaidi ya hapo kuna vipande vya DNA ya kirusi vilivyojipachika kwenye DNA ya mgonjwa, vinatoa HBsAg bila hata kulihitaji lile duara. Wanaofikia HBsAg kuondoka kwa vidonge hivi ni wachache sana, kama mmoja kwa mia kwa mwaka au chini ya hapo. Dawa inafanya kazi yake vizuri, inapunguza ini kusinyaa na inapunguza saratani, lakini ukimwambia mgonjwa asubiri HBsAg iwe negative umempa ahadi ambayo kidonge hakikuitoa.

Linganisha na homa ya ini C. Kirusi kile ni RNA mwanzo mwisho, hakiachi maandishi yoyote kwenye kiini. Ukizuia RNA isijinakili, ile iliyopo inaoza, protini zinakwisha zenyewe, wiki nane hadi kumi na mbili za sofosbuviri na mwenzake mtu kapona kabisa, na Misri wametibu mamilioni kwa njia hiyo. Korona hivyo hivyo. Nirmatrelviri, dawa ya Paxlovid, inafunga protiazi ya korona, jina la kundi ni lile lile la dawa za VVU za 1996 na ndani ya pakiti mna ritonaviri yenyewe inasaidia dawa isivunjwe haraka na ini, lakini matokeo ndani ya seli hayafanani hata kidogo. Protini ya kwanza ya korona inatoka ndefu na isipokatwa hakuna mashine ya kunakili RNA, na bila hiyo mashine protini za baadaye, zile miiba maarufu zikiwemo, hazitengenezwi. Kwa korona kufunga mkasi kunasimamisha kila kitu, kwa VVU kunaharibu bidhaa ya mwisho tu. Kwa hiyo mtu akikuuliza dawa fulani inaponya au inatuliza, usiangalie ukali wa dawa, uliza kwanza kama kirusi kimeacha maandishi kwenye kiini cha seli. Hilo swali linajibu karibu kila kitu.

Wapo wanaolishughulikia eneo la kati, na mi naona hapo ndo pa kutazama kuliko habari za kila wiki za "tiba imepatikana". Kwa homa ya ini B kuna bepirovirseni, sindano ya vipande vya herufi vinavyoishika RNA ya kirusi ili ivunjwe kabla ribosomu haijaisoma. Matokeo ya awamu ya pili yaliyotoka 2022 yalionyesha kwamba baada ya wiki 24 za sindano, kama mtu mmoja kati ya kumi HBsAg na DNA ziliondoka na hazikurudi miezi sita iliyofuata. Mmoja kwa kumi ni kidogo, ila ukikumbuka vidonge ni mmoja kwa mia kwa mwaka utaona kwa nini watu walishtuka.

Kwenye VVU mawazo yamegawanyika. Kundi moja linataka kuziamsha seli zilizolala zitoe protini kwa makusudi ili kinga iziue, na 2012 David Margolis na wenzake walionyesha vorinostati, dawa ya saratani, inaziamsha kweli, RNA ya kirusi ikaongezeka. Ila seli hazikufa. Akiba ikabaki pale pale, na majaribio yaliyofuata hayakuwa tofauti sana. Kundi la pili linataka kinyume chake, kuzilaza zisiamke tena: Susana Valente wa Scripps kule Florida anaifunga Tat kwa kemikali iliyotokana na sifongo wa baharini, na kwenye panya waliokuwa kwenye ARV virusi vilichelewa kurudi dawa zilipoondolewa. Ni panya, nakubali, lakini ni moja ya njia chache zinazolenga utengenezaji wa protini wenyewe.

La tatu ndo linalonifurahisha zaidi na linatuhusu. Timu ya Liang Shan wa St. Louis ilichapisha 2021 kwamba ndani ya seli zetu kuna protini ya ulinzi inaitwa CARD8, inayosubiri kukatwa na protiazi ya VVU, ikikatwa tu seli inajiua. Kirusi kinakwepa kwa kuuacha mkasi ukiwa umelala mpaka kitoke nje ya seli. Na nani anauamsha mkasi mapema? Efavirenzi. Inaunganisha Gag-Pol mbili mbili ndani ya seli, protiazi inaamka kabla ya wakati, inaikata CARD8, seli inakufa pamoja na mali yake. Dawa tuliyoiweka kando kwa sababu ya ndoto na kizunguzungu ina kazi ya pili ambayo hakuna aliyeipangia. Shida ni kwamba inahitaji kiwango kikubwa kuliko kile kinachotosha kuzuia kugeuzwa kwa RNA, protini za kwenye damu zinaifunga nyingi isifike, na seli iliyolala haitoi Gag-Pol kwa hiyo hamna mkasi wa kuamshwa. Kwa hiyo mtu asikimbilie makopo ya zamani ya TLE. Ila mwelekeo ni mzuri: badala ya kuhangaika kuzuia protini, iache itoke halafu igeuze kuwa hukumu ya seli yenyewe.

Hata lenakapaviri, sindano ya kila miezi sita iliyokuwa gumzo 2024 baada ya wasichana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda kuipata na asiambukizwe hata mmoja, inashika p24 yenyewe, ile protini ya ganda. Inavuruga ganda linapoingia na inavuruga linapojengwa. Haizuii protini kutengenezwa, inazuia isikae sawa, na imetosha kutoa matokeo ambayo hakuna aliyeyazoea kwenye kinga ya VVU.

Msimamo wangu basi ni kwamba tumeifanya kopi chini ya 50 kuwa mwisho wa mazungumzo, na haikupaswa kuwa hivyo. Ni kipimo kizuri sana cha swali la kuambukiza na la usugu wa dawa, kwenye hayo sina ubishi. Hakisemi lolote kuhusu protini zinazoendelea kutoka wala kuhusu mwili unavyozipokea. Mradi mzima wa matibabu umejengwa kuhesabu RNA, ripoti kwa wafadhili zinahesabu RNA, na pesa ya Marekani ilipotetereka Januari 2025 kilio cha kwanza kikawa vipimo vya RNA na makopo, na ilistahili. Lakini walioanza ARV za bure Tanzania mwaka 2004 sasa wengi wanasogelea miaka sitini, wamefuata masharti yote, kopi hazionekani, na kinachowanyemelea ni kiharusi na moyo. Mgonjwa wa namna hiyo akija kuchukua makopo ya miezi sita anakaa kituoni dakika kumi. Kumpima presha ni dakika mbili kati ya hizo, lehemu na sukari mara moja kwa mwaka, na atorvastatini, dawa nyingine ya lehemu, ipo kwenye maduka mengi ya dawa mjini, sio dawa ya kuagiza Ulaya. Na wa homa ya ini B aambiwe siku ya kwanza, kabla hajafungua kopo, kwamba HBsAg yake huenda ikabaki positive maisha yake yote na kwamba namba ya kufuatilia ni ile ya DNA.